Msinipe Wastani, Nionyesheni Nguzo



Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, na leo nimeshika kalamu kwa sababu ya ugomvi uliotokea kwenye chama chetu cha kusaidiana hapa Fridley, kitongoji kilichoko kaskazini ya Minneapolis kando ya mto Mississippi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa dola mia moja. Lakini kadiri nilivyoutafakari nikiwa njiani kwenda kwenye maboksi usiku, ndivyo nilivyoona kwamba ni ugomvi uleule ambao kama taifa tuliushindwa mwaka 2013, pale matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, yakafutwa, yakatangazwa tena. Kote kuwili watu walipigana kwa namba moja, na kote kuwili hakuna aliyesema: jamani, tuwekeeni hizo namba zote mezani tuone zimekaaje.

Nianze na wa hapa. Tulifiwa. Mnaoishi ughaibuni mnajua msiba wa huku ulivyo. Machozi yana nafasi yake, lakini siku ya pili tu mnaanza kuzungumza pesa: mwili uhifadhiwe wapi, usafirishwe na ndege gani, nani asindikize, nani alipe. Marehemu anataka kulala kwao, na wazee nyumbani hawataki kusikia habari ya kuzikwa kwenye theluji. Basi daftari likapita. Watu 40 wakatoa, zikapatikana dola 4,000. Hazikutosha, majirani zetu Wakenya na kanisa moja wakajazia, Mungu awabariki.

Baada ya mazishi mweka hazina wetu akaleta pendekezo. Kuanzia sasa kila mwanachama atoe dola 100 kwa kila msiba, na atakayeshindwa mara mbili jina lake lifutwe. Hoja yake ilikuwa fupi na ilionekana haina tundu. "Ndugu zangu, gawanyeni 4,000 kwa 40. Wastani wetu ni dola mia. Siwaongezei hata senti moja, nawaomba mtoe kile ambacho tayari mnatoa." Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi nilitikisa.

Kulikuwa na mama mmoja amekaa karibu na mlango, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, zamu mbili, watoto watatu, na mwingine anasomeshwa Moshi. Huyu alitoa dola 20. Hakusema neno, alikuwa anaangalia viatu vyake. Mnaelewa maana ya jina kufutwa? Maana yake ni kwamba siku akifa yeye, au mtoto wake, daftari halipiti. Kwa hiyo lile gawanyo la 4,000 kwa 40 halikuwa hesabu ya darasani hata kidogo.

Sasa nikarudi nyumbani. Binti yangu yuko darasa la saba, na katika jimbo hili la Minnesota darasa la saba wanafundishwa histogramu. Kazi yake ya nyumbani ilikuwa hivi: unapewa mchoro wa nguzo, chini yake kuna madai manne, na wewe useme dai lipi mchoro unalithibitisha, lipi hauwezi kulithibitisha, na kwa nini. Nikachungulia, nikamwambia jibu ni la pili. Akaniangalia kwa huruma. "Baba, hapo huwezi kusema hivyo. Nguzo inaonyesha wako wangapi kati ya 50 na 60, haionyeshi kila mmoja ana ngapi." Nikanyamaza. Nimesoma mpaka kidato cha sita na takwimu nilizisoma, lakini sikuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. Sisi tulifundishwa kuchora histogramu. Tulinyoosha rula, tukapaka rangi, tukapata maksi. Kuitumia kama ushahidi, au kumkatalia mtu dai lake kwa kuitumia, hilo halikuwemo kwenye mtihani.

Kwa ambao wameisahau: histogramu ni mchoro wa namba nyingi zilizogawanywa kwenye mafungu yanayofuatana, kwa mfano 0 mpaka 49, 50 mpaka 99, na kuendelea. Kila fungu linapata nguzo yake, na ukubwa wa nguzo unaonyesha wangapi wameangukia humo. Nguzo zinagusana kwa sababu namba zinaungana, hakuna ukuta kati ya 49 na 50. Jina hilo alilitoa Mwingereza Karl Pearson katika miaka ya 1890, kwa hiyo si teknolojia ya jana.

Nikamwambia binti, hebu lete hiyo karatasi ya miraba. Nikatoa nakala ya daftari. (Majina siyaweki hapa na tarakimu nimezisogeza kidogo ili mtu asijitambue. Umbo ni lilelile.) Waliotoa chini ya dola 50 walikuwa 22: wanane walitoa 20, sita walitoa 30, wanane walitoa 40. Kati ya 50 na 99 walikuwa tisa. Wanne walitoa 100 kamili. Wawili walitoa 200. Wawili walitoa 500. Na mmoja, Mungu amzidishie, alitoa 1,000.

Tukachora. Nguzo ya kwanza ikapanda kama mnara wa simu, ya pili ikaja kiunoni, ya tatu kwenye goti, halafu karatasi ikawa tupu, tupu, kijiti hapa, kijiti pale, na mwisho kabisa kijiti kimoja pekee kule kwenye elfu, mbali mpaka ilibidi tuunganishe karatasi ya pili kwa gundi.

Sasa weka kidole kwenye 100, yaani wastani. Upande wa kushoto wa kidole kuna watu 31. Watu 31 kati ya 40 walitoa chini ya hicho kinachoitwa "kile ambacho tayari mnatoa". Ukiwapanga mstari kuanzia aliyetoa kidogo mpaka aliyetoa kingi, aliyesimama katikati ya mstari alitoa dola 40. Ukiwatoa wale watatu wa mwisho tu, wa elfu moja na wa mia tano wawili, wastani wa waliobaki 37 unashuka mpaka dola 54. Watu watatu walibeba nusu ya mzigo wote. Hilo ni jambo la kuwashukuru, lakini huwezi kuligeuza kuwa kiwango cha mama wa zamu mbili.

Kikao kilichofuata nikaja na karatasi yangu iliyounganishwa kwa gundi. Na hapa ndipo niliposomeshwa somo la pili, na mwalimu wangu alikuwa mweka hazina mwenyewe. Mtu mwerevu yule, simdharau. Akaiangalia, akaondoka nayo, baada ya wiki mbili akarudi na histogramu yake, ya kompyuta, ina rangi. Yeye aligawa mafungu ya dola mia mbili mbili. Fungu la kwanza, 0 mpaka 199, lina watu 35. La pili wawili, la tatu wawili, halafu yule mmoja kule mwisho. Akasema: "Mwenyekiti, karibu wanachama wote wako kwenye fungu hili, na katikati ya fungu hili ni dola 100. Hata kwa mchoro wenu nyie, mia ndiyo katikati yetu."

Waungwana, hakudanganya hata namba moja. Daftari ni lilelile, watu ni walewale 40. Alichofanya ni kupanua fungu mpaka mwenye 20 na mwenye 100 wakalala kitanda kimoja, halafu akasema katikati ya kitanda ndipo wanapolala wote. Yale maneno ya binti yangu yakanirudia: nguzo inakuambia wako wangapi humo ndani, haikuambii kila mmoja amekaa wapi. Ndani ya fungu lile la 0 mpaka 199 watu walikuwa wamebanana upande wa kushoto, na kuanzia 101 mpaka 199 hapakuwa na mtu hata mmoja. Fungu pana likaificha nafasi ile tupu yote.

Kwa hiyo mtu akikuletea histogramu usifurahi haraka. Muulize mafungu ameyakata wapi na kwa nini hapo. Mwambie ayakate upya kwa upana mwingine, kisha mwingine tena. Dai linalosimama kwa kila upana ni dai la kweli, na lile linalosimama kwa upana mmoja tu, ule aliouchagua yeye, ni la kutilia shaka. Dai letu kwamba wengi wanatoa chini ya mia linasimama ukikata kwa 10, kwa 20, kwa 25 au kwa 50. La mweka hazina lilisimama kwa 200 tu.

Sasa twende nyumbani.

Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012. Wengi wetu tunakumbuka tulikuwa wapi siku ile. Divisheni ya kwanza 1,641. Ya pili 6,453. Ya tatu 15,426. Ya nne 103,327. Sifuri 240,903. Jumlisha: 367,750. Waliopata sifuri ni asilimia 65.5.

Nchi ilitikisika. Kila mtu alikuwa na mchawi wake: shule za kata, walimu waliokata tamaa, simu za mkononi, muziki, wazazi, lugha ya kufundishia. Wengine wakataka waziri ajiuzulu. Sisi huku tulibishana mpaka tukanuniana. Lakini nani kati yetu alizikalia zile namba tano na kuuliza zinaweza kuthibitisha nini na haziwezi kuthibitisha nini?

Nilizichora juzi, miaka kumi na zaidi baadaye, kwenye meza ileile ya jikoni. Divisheni si mafungu ya upana sawa. Mwanafunzi anahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 mpaka 17, yaani ngazi kumi na moja. Ya pili ni 18 mpaka 21, ngazi nne. Ya tatu 22 mpaka 25, nne tena. Ya nne 26 mpaka 33, ngazi nane. Na sifuri ni pointi 34 na 35 tu. Ngazi mbili! F zote saba, au F sita na D moja.

Kanuni ya histogramu ni kwamba mafungu yakitofautiana upana, huruhusiwi kuchora urefu kwa idadi tupu, lazima ugawe idadi kwa upana. Gawa basi. Divisheni ya kwanza: watu kama 149 kwa kila pointi. Ya pili: kama 1,613. Ya tatu: kama 3,857. Ya nne: kama 12,916. Sifuri: zaidi ya 120,000 kwa kila pointi. Hiyo si ngazi inayopanda taratibu. Ni umati wa watoto uliosukumwa mpaka ukagonga ukuta na kubanwa hapo.

Na ukuta wenyewe ni F. Ukishapata F, mwenye alama 3 na aliyekosa alama moja tu kufika D wanaandikwa herufi moja. Pointi 35 inaweza kuwa mtoto asiyejua kabisa, au mtoto aliyekosa alama chache chache katika kila somo. Kwa hiyo dai kwamba wengi walikuwa chini kabisa ya kipimo, namba zile zililithibitisha bila ubishi. Dai kwamba watoto wale 240,903 "hawajui chochote", ambalo lilisemwa mchana kweupe na watu wenye shahada, namba zile hazikuweza kulithibitisha hata kidogo, maana fungu la chini lilikuwa limefungwa kama gunia na hakuna aliyelifungua tuone ndani.

Na dai la tatu, kwamba mwaka 2012 watoto walifanya vibaya kuliko 2011? Hapo ndipo mambo yaliponoga. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mei 2013 serikali, kupitia kwa Waziri William Lukuvi, ikaliambia Bunge kwamba kwa mtihani wa 2012 Baraza la Mitihani lilitumia utaratibu wa kupanga madaraja tofauti na ule wa 2011. Matokeo yakafutwa, yakaagizwa yapangwe upya kwa utaratibu wa zamani. Yalipotangazwa tena, ufaulu ulikuwa asilimia 43.08 badala ya 34.5. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Hakuna mtoto aliyerudi kwenye dawati. Mipaka ya mafungu ilisogezwa, na maelfu ya watoto walioitwa sifuri mwezi Februari wakaitwa wamefaulu.

Nawaomba msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kusogeza mipaka lilikuwa kosa. Kulinganisha mwaka kwa mwaka kwa vipimo viwili tofauti ndilo lilikuwa kosa, na kulirekebisha kulikuwa na mantiki. Ninachosema ni kwamba matokeo kubadilika kiasi kile kwa kusogeza mpaka ni ushahidi wa umbo: watoto wengi sana walikuwa wamesongamana karibu na mpaka. Mpaka ukipita mahali penye watu wachache, ukiusogeza kidogo hakuna kinachobadilika. Ukipita katikati ya umati, kila unapousogeza unahamisha mji mzima.

Halafu mwaka huohuo wa 2013 yakatangazwa madaraja mapya ya alama, pamoja na kile kichekesho cha kutaka sifuri iitwe divisheni ya tano, kilichozua kelele mpaka kikaachwa. Matokeo ya mtihani wa 2013 yakatoka: asilimia 58.25. Vichwa vya habari vikasema ufaulu umepanda kwa asilimia 15.17. Makofi. Sasa nyie niambieni, kwa ushahidi huo, binti yangu wa darasa la saba angeweka alama ya vema kwenye dai gani? Inawezekana walimu walifundisha vizuri zaidi. Inawezekana watoto waliogopa yaliyowapata kaka zao wakasoma. Inawezekana pia ni mipaka tu. Kitu kimoja tu kingeweza kutenganisha hayo matatu: mgawanyo wa alama zenyewe, somo kwa somo, za mwaka 2012 na 2013, kwa mafungu yaleyale ya upana uleule, mchoro mmoja juu ya mwingine. Umati wote ukionekana umehama kulia, watoto wamejifunza. Umati ukiwa palepale na mstari ndio umehama kushoto, mstari umehama.

Leo mipaka ni hii: A kuanzia 75, B 65 mpaka 74, C 45 mpaka 64, D 30 mpaka 44, F 0 mpaka 29. Angalieni upana wake. B ina alama kumi, C ishirini, F thelathini. Kila mwaka tunasoma kwamba C nyingi kuliko B na tunajenga hoja juu yake, wakati fungu la C ni pana mara mbili ya fungu la B!

Mtu atasema, hayo ni ya wakubwa, sisi wa kawaida tufanye nini? Hapa nina habari njema kidogo. Baraza huweka matokeo ya kila shule kwenye intaneti, na humo kila mtahiniwa ana jumla ya pointi zake. Jioni moja unaweza kuchora histogramu ya shule yoyote. Mimi nimefanya hivyo, kwa sababu namlipia ada mtoto wa kaka yangu, na kaka alinipigia simu akinisifia shule moja ambayo sitaitaja kwamba wastani wake ni mzuri. Nikachora. Nikapata vichuguu viwili: kimoja cha watoto wenye pointi chache, yaani waliofanya vizuri sana, kingine kule kwenye divisheni ya nne, na katikati bonde. Ule wastani aliokuwa anasifia ulianguka bondeni, mahali ambapo hapakuwa na mtoto karibu hata mmoja. Mchoro haukuniambia kwa nini. Mchoro hauwezi. Ulichoniambia ni swali la kuuliza: hawa ni makundi gani mawili? Kaka akaulizia, akaambiwa kuna wanaolala bweni wanaopata masomo ya jioni, na kuna wa kutwa wanaotembea. Na mtoto wetu alikuwa apelekwe kutwa.

Januari 2023 Kaimu Katibu Mtendaji wa Baraza, Athumani Amasi, alitangaza kwamba Baraza limeacha kutaja shule bora na wanafunzi bora. Kelele zikapigwa tena. Mimi sikusikitika, kwa kuwa orodha ile ilipanga shule kwa namba moja kila shule, na hapo juu nimeonyesha namba moja inavyoweza kuficha vichuguu viwili. Ila kuondoa orodha bila kutupa mgawanyo ni kumnyang'anya kipofu fimbo kabla ya kumtibu macho.

Nigusie jingine kwa haraka, maana nalo lilitugombanisha. Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati, ngazi ya chini. Pato kwa kila mtu kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080, na mstari ulikuwa 1,036. Huku kukawa na waliosherehekea na waliokejeli, na pande zote mbili zilikuwa zinagombania wastani. Chukueni Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, wa serikali yenyewe. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na waliokuwa chini yake asilimia 26.4. Lakini kwa kipimo cha kimataifa cha wakati ule, dola 1.90 kwa siku, waliokuwa chini ni karibu nusu. Mistari hiyo miwili haiko mbali, na katikati yake wamesimama karibu robo ya wananchi. Yaani ile sehemu ndefu ya histogramu yetu, ule mnara, iko pale pale mstarini. Ndiyo maana Benki hiyohiyo, katika tathmini yake ya umaskini ya 2019, ilisema kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini, watatu waliingia. Mvua moja, ugonjwa mmoja, msiba mmoja, na mtu amevuka mstari kurudi alikotoka. Wastani wa 1,080 hauwezi kukuonyesha hilo hata ukiukodolea macho mwaka mzima.

Na wenzetu wa hapa msijione mko salama. Minnesota ina wastani wa kujivunia kwenye kipato, elimu na afya, na papo hapo pengo kati ya weupe na weusi ni miongoni mwa makubwa Marekani. Profesa Samuel Myers wa Chuo Kikuu cha Minnesota amelipa jambo hilo jina, kitendawili cha Minnesota. Sisi tunaishi ndani ya kile kichuguu kidogo cha kushoto, halafu tunasoma magazetini jinsi jimbo letu linavyofanya vizuri.

Ombi langu kwa walioko nyumbani, hasa wabunge na waandishi mnaosoma humu, ni dogo na halihitaji mfadhili. Baraza la Mitihani litoe kila mwaka, kwa kila somo, idadi ya watahiniwa kwa kila alama tano: 0 mpaka 4, 5 mpaka 9, mpaka mwisho. Bila majina, bila shule. Jedwali la mistari ishirini kwa somo. Alama ziko kwenye kompyuta zao, ni kazi ya asubuhi moja. Waziri akisema ufaulu umepanda, tuweke mchoro wa mwaka huu juu ya wa mwaka jana tuone nini kimehama. Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ifanye vivyo hivyo kwa matumizi ya kaya, kwenye ukurasa wa mbele, mahali ambapo sasa wanaweka wastani.

Kuhusu chama chetu, kura bado. Kuna pendekezo la dola 40 kuwa kiwango cha lazima na mwenye uwezo aongeze kimyakimya, na kuna wanaosema 40 haitamfikisha mtu hata kwenye uwanja wa ndege, nao wana hoja, maana 40 mara 40 ni 1,600 tu. Ukitegemea wale watatu, siku wakihama Texas umekwisha. Mweka hazina amesema safari hii ataleta daftari za misiba mitatu iliyopita, na mimi nimemwambia tukate mafungu pamoja kabla hajaondoka nazo. Kikao ni Jumapili ya pili ya mwezi. Yule mama wa karibu na mlango amenipigia simu kuuliza kama ni lazima aje, nikamwambia aje, nitampitia.

Nawasilisha.